Sheria ya Ndoo na Mfumo wa Kutanua Uwanja

Siku niliyokabidhi ofisi ya michezo, yaani kabati moja lenye kitasa kibovu, Mwalimu Tumaini aliyepokea nafasi yangu aliniomba kitu kimoja tu. Alitaka nimwandikie mfumo. “Mwalimu Machela,” aliniambia, “umefundisha mpira miaka yote hii hapa Newala. Usiondoke na mfumo wako kichwani.” Nilimwahidi, maana mtu akiombwa mfumo mbele ya walimu wenzake hawezi kusema hana. Sasa nimerudi kwetu Chiungutwa, wilayani Masasi, mikorosho yangu inanishangaa kama mgeni, na nimeona nitimize ahadi. Ila nitaandika na yale ambayo hakuyaomba.

Ya vyeo na mishahara nayaacha. Cheo kilichelewa kuja, mshahara uliwahi kuisha, na hayo kila mtumishi anayajua bila kuandikiwa.

Niliripoti shuleni nikiwa kijana, vumbi jekundu la kupanda mlima limenipaka mpaka kwenye kope. Mkuu wa shule wa wakati huo alinionyesha uwanja kutoka dirishani mwa ofisi yake, akanipa mpira mmoja, akanitakia kazi njema. Uwanja wenyewe, kwa wasioufahamu, umekaa ukingoni kabisa mwa uwanda wa juu. Kaskazini kuna madarasa na maabara yenye madirisha ya vioo. Kusini, hatua chache baada ya mstari, ardhi inakatika na kuteremka kwenda bonde la Ruvuma, na siku isiyo na ukungu unaiona Msumbiji. Wageni wakifika pale hupiga picha. Mimi nilipiga mpira.

Nilitaka wanafunzi wajue kwamba safari hii wameletewa mtu. Nikauweka mpira chini, nikarudi nyuma hatua tano, nikapiga pasi ndefu ya kuvuka uwanja. Ilikwenda vizuri sana. Ilivuka uwanja, ikavuka mstari, na nadhani kidogo ivuke na mpaka wa nchi. Wanafunzi wote wakakaa chini. Nikadhani wananiheshimu.

Aliyekuja kunieleza ni Mzee Nampota, mlinzi wa shule, ambaye pia ndiye aliyekuwa akichora mistari ya uwanja kwa majivu ya jikoni. “Mwalimu,” alisema, “hapa anayepiga ndiye anayeshuka.”

“Mzee, mimi ni mwalimu.”

“Ndiyo. Ndiyo maana nimekuambia kwa upole.”

Nilishuka. Njia ile inateremka kwa kuzunguka, mawe yanateleza, na mtu asiyeizoea anatumia karibu saa nzima kwenda na kurudi. Chini kuna chemchemi ambako akina mama walikuwa wakichota maji, na mpira wangu ulikuwa umewekwa vizuri kando ya ndoo zao. Niliwaamkia. Mama mmoja mtu mzima aliitikia marahaba, akaniangalia viatu vyangu vya ngozi, akasema, “Karibu Newala, Mwalimu. Kesho upige taratibu.” Wenzake walicheka hadi nikafika nusu ya mlima bado nawasikia.

Mzee Nampota akawa ndiye chuo changu cha pili. Alinifundisha kushona mpira kwa sindano ya magunia ya korosho, kuchekecha majivu ili upepo usiyachukue, na kuahirisha mazoezi siku ambazo wakulima wa jirani wanapulizia mikorosho dawa ya salfa, kwa sababu timu inayokohoa haisikii filimbi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nakumbuka nilimsifu kwa nyasi za upande wa kusini. Uwanja mzima ulikuwa mchanga mwekundu mtupu, lakini ule ukanda wa kando ya bonde ulikuwa kijani, umestawi kuliko bustani ya mkuu wa shule. Nilimwambia amezitunza vizuri. Akasema, “Hizo hazina haja ya kutunzwa, Mwalimu.” Nikaona mzee ana unyenyekevu. Nilipita kando ya nyasi zile miaka mingi bila kujiuliza kwa nini hakuna aliyezikanyaga.

Sasa nifike kwenye uvumbuzi wangu. Mwaka wangu wa tatu maji yalikuwa tabu kuliko kawaida, na uwandani huku kawaida yenyewe ni tabu. Jiko la shule lilikaa siku nzima likisubiri maji. Mimi nikapata wazo. Kama anayepiga mpira bondeni anashuka hata hivyo, kwa nini apande mikono mitupu? Nikaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, nikabandika kwenye kabati: anayepeleka mpira bondeni atashuka na ndoo, atapanda na mpira na maji. Chini nikaongeza, kwa mstari mwekundu: ndoo isiyojaa haihesabiki, mhusika atarudi. Niliiita Sheria ya Ndoo na nikajipongeza sana. Ofisa mmoja wa elimu alipita akaisoma, akasema hapa kuna mwalimu mbunifu.

Mwezi wa kwanza jikoni palikuwa na maji mpaka wapishi wakaanza kuchagua. Mwezi wa tatu hakuna mpira uliokuwa ukishuka tena. Nikaandika kwenye ripoti yangu kwamba nidhamu ya wachezaji imeongezeka.

Sheria ile iliishi kuliko karatasi yake. Wanafunzi walimaliza, wakaja wadogo zao, wakaja na watoto wa majirani wanaocheza chandimu pale jioni, na wote waliikuta. Upande wa kaskazini nao ulikuwa na sheria yake ya kale: ukivunja dirisha la maabara, mzazi anaitwa. Kwa hiyo mpira wa shule yetu ulichezwa katikati, kwenye ujia mwembamba, pasi fupi fupi, miguu arobaini ndani ya eneo la kuanikia mihogo. Walimu wa shule nyingine walitucheka. Mimi niliwaambia ndiyo falsafa yetu.

Tulipoanzisha timu ya wasichana ndipo nikampata Somoe. Alikuwa mtoto wa Kitangari, mwembamba, mpole, anayevaa soksi mbili za rangi tofauti na hajali. Alicheza kiungo mchezeshaji, namba nane. Sijawahi kumfundisha mtu aliyeuona uwanja kama yeye. Alikuwa hajapokea mpira lakini ameshajua nani yuko wapi na nani atachoka lini. Pasi yake ilifika mguuni kama umepewa mkononi, ila haikuzidi hatua kumi na tano. Katika miaka minne hakushusha mpira bondeni hata mara moja. Kila mwisho wa muhula nilimsimamisha mbele ya wenzake nikasema, “Mwigeni Somoe. Huyu hajawahi kubeba ndoo.”

Aliyebeba ndoo alikuwa Zainabu, beki namba nne. Zainabu aliupiga mpira popote unapotaka kwenda, na mara nyingi ulitaka kwenda bondeni. Alishuka na kupanda mpaka miguu yake ikawa kama mihimili ya ghala. Yeye nilimsimamisha mbele kama mfano wa upande wa pili.

Somoe alikuwa kidato cha nne nilipopelekwa kozi ya makocha, wiki mbili, chai asubuhi na cheti mwisho. Mkufunzi alitufundisha mfumo wa kutanua uwanja. Mawinga wawili wanakaa pembeni kabisa, kisigino kwenye chokaa. Mabeki wa adui wanavutwa huku na huku. Kisha mchezeshaji, akiwa katikati, anapiga pasi ndefu ya mshazari kwa winga aliye peke yake, na mambo yanakwisha. Ulinikolea kama dini kwa mtu aliyesilimu jana. Nilirudi Newala na daftari limejaa mishale.

Kwenye meza ya ofisi ya walimu nilikuwa na desturi ya kupanga timu kwa korosho. Ziwe mbichi zenye maganda, tafadhali, Mwalimu Tumaini. Mwaka mmoja nilitumia zilizokaangwa na kabla sijamaliza kueleza ulinzi, ulinzi ulikuwa umeliwa. Basi nikapanga mfumo mpya, mawinga pembeni ya meza, Somoe katikati. Mwalimu Kileo, Mpare aliyefundisha hisabati, ambaye tulimwita Mama Neema, aliacha kusahihisha madaftari akaja kuangalia.

“Hii korosho ya katikati ndiye Somoe?” aliuliza.

“Ndiye.”

“Na hii inapaswa kupiga mpaka pale kwenye kikombe changu?”

“Ndiyo mfumo, Mama Neema.”

“Miaka minne namwona dirishani. Sijamwona akipiga hata nusu ya hapo. Mwalimu, umemtafutia mfumo mtoto, au umeutafutia mfumo mtoto?”

Nilimwambia ashughulike na hesabu zake. Aliirudisha korosho ya Somoe katikati, maana alikuwa ameishika, akaenda zake.

Mechi iliyokuwa mbele yetu haikuwa ya mchezo. Tulikuwa tunakwenda Masasi kucheza na wenyeji, na wateuzi watatu wa timu ya mkoa wangekaa pale na karatasi zao. Atakayeteuliwa angeondoka jioni ile ile kwenda kambini Mtwara, na kambini ndiko shule moja ya bweni yenye mkondo wa michezo ilikokuwa ikichagua wanafunzi wake. Kwa Somoe ile ilikuwa nafasi ya mwisho. Darasani hakuwa mbaya wala hakuwa wa kutazamiwa kufika kidato cha tano, na mwenyewe alilijua hilo. Mama yake alikuja shuleni, akakataa kiti, akaniambia akiwa amesimama, akiniita kwa jina la binti yangu, “Baba Asha, huyu hana kitu kingine anachokiota. Nimekuachia wewe.” Nikamjibu asiwe na wasiwasi, tuna mfumo.

Wiki tatu nilimfundisha pasi ndefu. Niliweka kigingi pembeni, nikamwonyesha daftari, nikamwonyesha kwa mguu wangu. Alisema, “Ndiyo, Mwalimu,” kisha akapiga hatua kumi na tano. Nikapaza sauti. Akasema, “Ndiyo, Mwalimu,” akapiga hatua kumi na sita. Nikahitimisha kwamba mguu wake ni dhaifu, na kwamba mashindano yenyewe yatamtia nguvu. Mtu mwenye daftari hakosi jibu.

Uwanja wa Masasi umelala kama mkeka chini ya majabali yale makubwa. Tambarare pande zote. Ndugu zangu wa Chiungutwa walikuja kwa baiskeli na bodaboda kumwona mtoto wao aliyekuwa kocha wa watu wa mlimani. Somoe alishuka kwenye gari na begi la shangazi yake, limefungwa kamba, nguo za kambini zimo ndani. Aliliweka chini ya benchi langu akaniomba nilitazame.

Kipindi cha kwanza sipendi kukieleza, lakini nitakieleza. Tulitanua uwanja. Mawinga wangu niliwaamuru wakae kwenye chokaa, nao kila dakika walirudi ndani kidogo kidogo kama kuku wanaoogopa mvua. Somoe alipokea mpira, akainua kichwa, akamwona winga, nami nikampigia kelele, “Mbali! Piga mbali!” Akawa anasita. Wale wa Masasi hawakusita. Walimnyang’anya mara nne, tano, sita, na mbili kati ya hizo zikawa mabao. Aliyeonekana upande wetu alikuwa Zainabu peke yake, aliyekuwa akifyeka mipira kutoka nyuma hadi upande wa pili wa uwanja, na kila alipofyeka nilimwona mteuzi mmoja akiandika.

Wakati wa mapumziko niliwakusanya. Nilikuwa nimekasirika, na ndugu zangu walikuwa wanasikia.

“Somoe, mguu unauma?”

“Hauumi, Mwalimu.”

“Basi kwa nini hupigi kule?”

Zainabu ndiye aliyejibu, mdomo umejaa chungwa. “Mwalimu, akikosea atashuka nani?”

“Atashuka wapi? Nyie hamwoni hapa ni tambarare?”

“Tunaona,” Somoe akasema polepole. “Kichwa kinaona, Mwalimu. Mguu ndio hautaki. Mguu unajua ndoo.”

Niliangalia mawinga wangu. Walikuwa wameinamisha vichwa. Nikakumbuka zile nyasi za kusini, kijani, hazijakanyagwa na mtu tangu nilipokuwa kijana. Hakuna aliyewafundisha watoto hawa kuogopa pembeni isipokuwa mimi. Niliandika kwa kalamu nene. Nikapiga mstari mwekundu. Kisha nikaenda kozi wiki mbili, nikarudi kumlaumu mtoto kwa kuwa ameielewa sheria yangu kuliko wote.

Nililifunga daftari. “Achaneni na mfumo,” nikawaambia. “Chezeni kama nyumbani.”

“Kule katikati?” winga mmoja akauliza, na uso wake uling’aa.

“Kule kule katikati.”

Kipindi cha pili Somoe alicheza. Sijui niseme nini zaidi. Wasichana wa Masasi walikuwa wametanuka uwanja mzima, wamekaa vizuri kwa mujibu wa daftari la mtu mwingine, na wetu walipita katikati yao kwa pasi fupi fupi kama watu wanaopitishana sahani ya ubwabwa. Watu wakaanza kuhesabu pasi kwa sauti. Shemeji yangu mwenyewe, mtu wa Masasi damu, alihesabu mpaka ishirini na moja. Tulirudisha bao la kwanza, tukarudisha la pili, na la pili Somoe alilifunga kwa kuupeleka mpira wavuni taratibu, kana kwamba hataki kuusumbua. Mbili kwa mbili, filimbi ya mwisho. Nilishangilia hadi nikapoteza kofia.

Nilikimbia kwa wateuzi. Wawili hawakuwepo, walikuwa wamekwenda kunywa chai tangu mapumziko. Aliyebaki alinipa mkono.

“Hongera, Mwalimu. Yule namba nane mliyemwingiza kipindi cha pili ni hatari. Anaitwa nani?”

“Hakuingia kipindi cha pili. Ni yule yule.”

Aliangalia karatasi yake, akaniangalia mimi. “Yule yule? Ah.” Akaikunja. “Orodha tuliifunga mapumziko. Kwenu tumemchukua namba nne. Ana mguu.”

Zainabu hakuamini. Alikuja Masasi na jezi na kandambili, hata mswaki hakubeba, kwa kuwa tangu lini mfano mbaya unateuliwa. Gari la kambini lilikuwa linapiga honi. Somoe alikuja kwenye benchi langu, akalivuta begi, akaenda nalo hadi kwa mwenzake.

“Kuna vitenge viwili, sabuni na mswaki mpya,” alimwambia. “Begi ni la shangazi. Usilipoteze.”

Kisha akapanda gari letu akakaa dirishani. Sikuweza kukaa karibu naye. Niliona aibu, na mpaka leo nikiandika hapa naiona. Nilikuwa nimempotezea dakika arobaini na tano, na hizo ndizo zilizokuwa zinaangaliwa.

Zainabu alifika mbali, mnamfahamu, sihitaji kumtaja zaidi. Somoe alimaliza kidato cha nne kwa matokeo ya kawaida, akasomea ualimu wa msingi, na sasa anafundisha Mnyambe. Tukikutana ananiamkia shikamoo kwa heshima kubwa kuliko ninayostahili na kuniuliza hali ya magoti. Kwa hiyo, Mwalimu Tumaini, ukitafuta mfumo, muulize yeye. Yangu ilikuwa miwili, mmoja kwenye daftari na mmoja kwenye kabati, na wa kwenye kabati ndio uliokuwa ukifundisha.

Lakini nataka kumalizia Jumatatu ile, mazoezi ya kwanza baada ya Masasi. Mzee Nampota, aliyekuwa amezeeka lakini bado anachora, alikuwa akimwaga majivu upande wa kusini. Somoe aliuomba mpira. Akauweka chini katikati ya uwanja, akarudi nyuma hatua tano, akaupiga.

Ilikuwa pasi ndefu ya mshazari. Ndiyo ile ile ya kwenye daftari, mshale kwa mshale. Ilipita juu ya mchanga mwekundu, juu ya nyasi za kijani, juu ya kichwa cha Mzee Nampota, ikaingia bondeni. Mguu haukuwa dhaifu hata kidogo. Timu yote ikakaa chini. Somoe hakukaa. Alisimama pale pale akaniangalia, bila hasira na bila utundu, akisubiri.

Nilikwenda kwenye kabati, nikachukua ndoo, nikashuka.

Magoti yangu yalikuwa na miaka hamsini na kitu, na mawe yalikuwa yale yale. Chini nilikuta akina mama wengine, mabinti wa wale wa zamani nadhani, na walinicheka kwa sauti zile zile. Nilichota, nikajitwika, mpira kwapani. Nilipofika juu jua lilikuwa limeinama, shati limelowa, na wachezaji wote walikuwa bado wapo, hakuna aliyekwenda nyumbani. Somoe alinisaidia kutua ndoo. Akachungulia ndani.

“Mwalimu,” alisema kwa adabu, “haijajaa.”

Mzee Nampota naye akachungulia, akatikisa kichwa kukubali. Nikachukua ndoo, nikashuka tena.